Mafuta ya Sangara Kwenye Msumeno wa Uzi

Josepha Bagenda alirudi Butimba kutoka likizo akakuta paka wamelala kwenye kizingiti cha karakana. Hilo peke yake lilimkera. Karakana si jiko. Aliwafukuza kwa mkoba, akafungua mlango, na kabla hajawasha taa akasikia harufu ya kitu kilichochacha.

Msumeno wa uzi ulikuwa mezani pake, chini ya kitambaa. Asiyewahi kuuona aufikirie kama cherehani: mkono wa chuma juu, meza ndogo chini, na mahali pa sindano kuna bledi nyembamba sana inayopanda na kushuka, inayoweza kupita kwenye kona za ubao ambazo msumeno wa kawaida hauwezi. Kwa mashine hiyo, watu wachache wa Butimba na Kirumba wenye kazi zao nyingine walikuwa wakitumia Jumamosi zao kukata majina ya watoto, misalaba, saa za ukutani na samaki wa kuning'iniza sebuleni. Hapakuwa na fundi kati yao. Waliinunua kwa kuchangishana, wakaiweka katika chumba cha uani kwa Mzee Luhende, mwalimu mkuu mstaafu, na kwa kuwa nyumba ni yake wakamfanya mwenyekiti.

Josepha aliubonyeza mkono wa mashine kwa kidole. Haukusogea. Akausukuma kwa kiganja, ukashuka kidogo, ukagoma. Bledi ilikuwa imeachwa imekazwa, na meno yake yalitazama juu, jambo ambalo humfanya anayekata arushiwe ubao wake mwenyewe usoni. Juu ya meza vumbi la mbao lilikuwa limeganda.

"Karibu Sista, pole na safari," alisema Mzee Luhende kutoka mlangoni. Kwa miaka yote aliyokuwa muuguzi wa chumba cha upasuaji, watu walimwita Sista, hata walio mbali na hospitali.

"Shikamoo, Mzee. Nani ameiacha hivi?"

"Marahaba. Ni yule Pius. Ameimwagia maji wakati wa kupiga deki. Angalia ilivyoshika kutu kwenye maungio. Nimeshamwambia ahame Jumapili. Niliandika kwenye kundi, hukuona?"

Kamachumu kwao, kwa mama yake, mtandao ulikuwa wa kubahatisha, na Josepha hakuwa mtu wa kupanda kilimani kutafuta ujumbe. Akafungua simu pale pale. Ujumbe wa mwenyekiti ulikuwepo: mashine yetu imeharibiwa kwa uzembe wa mlinzi, uongozi umeamua kumwondoa pamoja na familia yake, chumba kitatafutiwa mtu mwaminifu. Chini yake palikuwa na kidole gumba kimoja kilichonyooshwa juu. Alikibonyeza kuona ni cha nani. Kilikuwa cha Gidion Odera, mwanachama mwenzao mwenye duka Kirumba.

Ili mtu aelewe kwa nini mama huyu alikasirika kiasi hicho kwa ajili ya chuma, inabidi aijue nyumba alimokulia. Baba yake alikuwa na mashine ya mkono ya kumenya kahawa, na majirani wote wa kitongoji waliiazima. Sheria yake ilikuwa moja: inarudi imeoshwa, imekauka na imetiwa mafuta, na anayeirudisha anasema mwenyewe kama kuna kitu kimelegea. Aliyerudisha mashine chafu hakutukanwa. Mzee aliisafisha mbele yake, taratibu, bila kusema neno, mpaka mgeni akatamani atukanwe. Josepha alikwenda na tabia hiyo chuo cha uuguzi, akaingia nayo chumba cha upasuaji, ambako mkasi uliooshwa nusunusu unaweza kumuua mtu ambaye hutamjua hata jina. Wauguzi wadogo walimwogopa. Mumewe, mwalimu mpole, akiona kijiko kimelala kwenye sinki alikiosha kabla mkewe hajafika, kisha akatoka kwenda kununua vocha.

Na msumeno wa uzi ulimfaa mtu wa namna hiyo, kwa sababu ni mashine isiyosamehe uvivu. Ndiye aliyewafundisha wenzake kuulegeza kila wanapomaliza, ili bledi isikae imevutwa bure na mkono usichoke. Aliwafundisha kusugua meza kwa kipande cha mshumaa ili ubao uteleze, kupitisha msasa kwenye vibanio vya bledi ili visiteleze vyenyewe, na kubandika utepe wa gundi juu ya mbao ngumu ili bledi isiziunguze. Mafuta ni tone moja kila ungio, mafuta mepesi ya cherehani, kisha unafuta. Bledi ikikazwa vizuri unaipiga kwa ukucha, nayo inalia. Odera, ambaye ni Mjaluo wa Rorya, alisema sauti hiyo ni ya uzi wa nyatiti, kinubi cha Wajaluo. Josepha alisema ni ya enanga, zeze la Kihaya. Walibishana juu ya hilo Jumamosi nyingi, wakicheka, na walikuwa marafiki.

Sasa alichukua kibanzi cha mbao, akakwangua ile inayoitwa kutu. Ilitoka kwa kunata, ya kahawia, kama ulimbo. Akaisogeza puani. Kutu haivutii paka. Wala haivutiki kama ulimbo. Na haitoi harufu ya soko la samaki la Mwaloni saa nane mchana.

Alimkuta Pius uani, akifunga godoro kwa kamba. Alikuwa mwanaume wa makamo, mtu wa Misungwi, mwenye kufagia, kupiga deki na kufunga milango ya Luhende, akilipwa kidogo na kukaa bure katika chumba cha pembeni na mkewe Odeta na watoto. Odeta alikuwa akipanga sufuria ndani ya ndoo. Hakuinua macho.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Pius, uliimwagia maji mashine?"

"Mama, mimi hata brashi naogopa kuipitisha pale. Napiga deki chini, nafunga."

"Nani aliitia mafuta?"

Pius aliendelea kufunga kamba. "Kaka Odera. Alikuja na kichupa. Akasema leo itateleza mpaka ishangae. Tukanusa harufu ya samaki, Odeta akacheka, akamwambia anataka kuikaanga."

"Na Mzee ulimwambia nini?"

"Nilimwambia hivyo hivyo."

Odeta ndiye aliyemalizia, bado akitazama ndoo yake. "Akasema mtu wa deki asimsingizie mtu mwenye duka."

Josepha alisimama pale mpaka kamba ikaisha. Kisha alirudi ndani, akafungua skrubu za mkono wa juu, akautoa, akaufunga kwenye kitambaa cheupe, akaondoka nao kwenda Kirumba.

Duka la Odera lilikuwa mita chache kutoka geti la Mwaloni, limejaa vipuri vya injini za boti. Yeye mwenyewe alikuwa mnene, mchangamfu, mwenye kipaji cha kumfanya mteja aliyekuja kulalamika aondoke amenunua kitu kingine. Alipomwona Josepha alifungua mikono.

"Dada yangu. Umerudi na kahawa ya kutafuna au umerudi mikono mitupu kama Mjaluo?"

Josepha aliweka kitambaa juu ya kaunta, akakifunua.

"Nusa."

Odera aliangalia chuma, akaangalia geti la soko. "Dada, hapa kila kitu kinanuka samaki. Hata wewe, dakika mbili umesimama, tayari."

"Nusa, Odera."

Hakuinama. Lakini paka wa duka, mwenye madoa, aliyekuwa amelala juu ya boksi la plagi, aliinuka, akanyoosha mgongo, akatembea juu ya kaunta mpaka kwenye kitambaa. Akaanza kulamba ungio la mkono kwa bidii, amefumba macho. Mteja mmoja aliyekuwa akichagua mipira ya petroli alicheka. Odera naye alianza kucheka, kisha akaona uso wa Josepha, akamshusha paka chini.

"Sawa," alisema kwa sauti ndogo. "Mafuta ya sangara. Sasa kosa liko wapi? Baba yangu alipaka bawaba za nyumba nzima. Alipaka baiskeli. Hapa ufukweni nani hajapaka?"

"Bawaba inafunguliwa mara ngapi kwa siku? Huu mkono unakwenda mara mia kadhaa kwa dakika, na vumbi la mbao linaingia humo. Mafuta ya samaki yakikaa kwenye hewa yanakauka yanakuwa gundi. Ulichopaka pale ni rangi, Odera."

"Sikujua."

"Hukujua. Hilo nakupa. Ulipojua je?"

Odera alianza kupanga nati ambazo zilikuwa zimepangwa tayari.

"Mashine iligoma mkononi mwako," alisema Josepha. "Ukaifunika kitambaa ukaondoka. Halafu ukasoma kwamba Pius anafukuzwa na watoto wake, ukaweka gumba."

"Ile gumba, dada, si kukubali. Ni kusema nimesoma. Kila mtu anaweka gumba. Mtu akitangaza msiba watu wanaweka gumba."

"Na wewe ulikuwa umesoma nini?"

Odera akarudi kwenye nati zake.

Wako watu wengi wa namna ya Odera mjini, na wengi wao ni watu wazuri. Watakuchangia harusi, watakubebea mgonjwa, watakukopesha jembe. Wanachoshindwa ni kitu kimoja kidogo: kusema mimi ndiye, mbele ya watu wanaowaheshimu. Wanaona aibu ni mzigo mzito kuliko dhambi, basi wanautafutia mbebaji, na mbebaji huwa karibu kila mara ni mtu ambaye hakualikwa kwenye kundi la kusomewa hukumu yake. Pius hakuwa na simu ya kuonyesha picha. Hukumu yake ilisomwa, ikapigiwa gumba, na yeye yuko uani anamwaga maji ya deki.

"Nitanunua beringi mpya," alisema Odera. "Nitaleta kimya kimya, nitafunga mwenyewe. Nitaongea na Mzee pembeni. Kwa nini tufedheheshane? Sisi ni watu wazima."

"Pius naye ni mtu mzima."

"Dada, nina wateja."

"Nawaona. Mhudumie huyu, nasubiri."

Alikaa juu ya kreti mpaka jioni. Hakumwambia Odera neno tena, na hilo kila aliyewahi kuazima mashine ya kahawa Kamachumu angelielewa. Alichukua kibanzi kutoka kwenye mkoba, akaomba mafuta ya taa kwenye kopo, akaanza kuusafisha mkono ule mbele ya duka, ungio kwa ungio, akipangusa kwa kitambaa cheupe ambacho kilikuwa kinageuka kahawia. Wateja walimuuliza anafanya nini. Alijibu kila mmoja kwa adabu: "Natoa mafuta ya sangara." Odera alitoka mara moja kumwomba aingie ndani, kuna kiti. Akasema hapa panatosha, pana mwanga.

Alipoondoka, Odera alikuwa bado hajasema kama atakiri.

Jumamosi wanachama walikutana uani kwa Luhende. Godoro la Pius lilikuwa limesimamishwa ukutani, limefungwa, na Odeta alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyogeuzwa, amempakata mtoto mdogo. Waliagizwa wakae pale karibu, kwani mwenyekiti alikuwa na neno kwao. Odera alikuwa amekuja. Alikaa kiti cha mwisho.

Luhende alisimama. Alikuwa mtu wa amani, tena alijivunia hivyo. Katika miaka yake yote ya ualimu hakuna ugomvi uliofika kwa ofisa elimu, kwa sababu yote aliyafunika kabla hayajafika.

"Ndugu zangu, nimetafakari," alisema. "Sista amesema na mimi kwa uchungu. Na mimi nina moyo. Mashine ni chuma, chuma kinatengenezwa. Kwa hiyo naomba tumsamehe Pius. Abaki. Tusiulize zaidi, tusitafutane. Tumsamehe, tuanze upya."

Watu wakaitikia kwa nafuu. Mmoja alianza kupiga makofi. Pius alisimama kando ya godoro lake, mikono mgongoni, akisikia jinsi anavyosamehewa, na kwa kuwa alikuwa mtu wa heshima alianza kufungua mdomo kushukuru.

"Usishukuru," alisema Josepha.

Makofi yakakatika.

"Mzee, nakuheshimu, lakini neno hilo lirudishe. Huwezi kumsamehe mtu ambaye hajakosa. Hiyo ni kumpaka matope mara ya pili. Kesho akipita mtaani watasema huyu ndiye aliyeharibu mashine wakamhurumia. Watoto wake watakua wakijua kwamba baba yao alisamehewa. Alisamehewa nini?"

"Sista, taratibu. Mimi nilikuwa natafuta amani."

"Ulikuwa unatafuta kunyamazisha. Alikuja akakuambia ukweli, na wewe ukamwambia mtu wa deki asimsingizie mtu mwenye duka. Ulifundisha watoto wa watu miaka mingapi, Mzee?"

Hakuna muuguzi, wala mwalimu, wala padri aliyewahi kuzungumza na Luhende hivyo katika uwanja wake. Alikaa. Josepha hakumtazama Odera. Alikuwa ameapa moyoni kwamba jina lile hatalitaja yeye. Akilitaja yeye, mwenye jina atakuwa amekamatwa tu, na mtu aliyekamatwa bado hajasema.

Kuku alipita katikati ya viti. Mtoto wa Odeta alilia kidogo, akanyamazishwa.

"Ni mimi," alisema Odera.

Alikuwa bado amekaa. Kisha akaona haifai, akasimama. "Ni mimi niliyepaka. Mafuta ya sangara. Nilifikiri naisaidia. Ilipogoma nikaogopa, nikafunika. Halafu Mzee alipoandika..." Alijaribu kutabasamu, lile tabasamu la dukani, likakataa. "Nilisoma. Nikaweka gumba."

Mtu mmoja nyuma, katika kutaka kumsaidia, alisema, "Basi ndugu Odera, hata sisi tumekosa," na mwingine akaongeza kwamba paka wa mtaa mzima watamkumbuka. Wawili watatu walicheka. Josepha aliwageukia, na kicheko hakikufika mbali.

Luhende aliinuka taratibu, akaenda mpaka mbele ya Pius. "Kijana wangu, ume... Tumekukosea. Mimi nimekukosea. Fungua godoro lako."

Pius alitazama kamba. Hakuifungua.

"Mzee," alisema, "ile ya kuniondoa uliiandika kwenye simu, wakaisoma watu wote. Mimi sikuisoma. Odeta aliambiwa dukani, wakati ananunua chumvi." Akamtazama Mzee. "Nilikuwa naomba na hii iandikwe huko huko."

Luhende alitoa miwani, akatoa simu. Aliandika polepole kwa kidole kimoja, akafuta, akaandika tena. Josepha aliposimama nyuma yake aliona amefika "kutokana na kutoelewana kulikojitokeza".

"Mzee."

Luhende alifuta yote. Safari hii aliandika sentensi fupi. Pius hakuharibu mashine. Aliyeiharibu ni mwanachama, Gidion Odera, na amekiri. Mwenyekiti aliambiwa ukweli na Pius akakataa kumsikiliza. Pius na familia yake wanabaki.

Simu zikalia uani kote, moja baada ya nyingine. Josepha alimsomea Pius ujumbe kwa sauti, mpaka mwisho. Pius alisikiliza ameinamisha kichwa, kama mtu anayesikiliza majibu ya kipimo.

"Soma tena ile ya kwanza," alisema.

Akaisoma tena.

Odera alikuwa ameshika simu yake. Kidole chake kilishuka juu ya kioo kwa mazoea, kwenye ile alama ya gumba, na kikasimama hewani. Alimtazama Josepha. Josepha hakumsaidia. Akakirudisha kidole, akaanza kuandika herufi, akisema kila neno kwa midomo anapoliandika: Mimi Odera nimesoma. Ni kweli.

Ndipo Pius alipofungua kamba.

Mchana ule hakuna aliyekata ubao. Josepha alileta mkono uliosafishwa, akauweka mezani, na kando yake akaweka kopo la mafuta ya taa, kibanzi na maungio mengine ya mashine ambayo hakuyagusa makusudi. Yalikuwa bado yamejaa ulimbo.

"Haya ni yako," alimwambia Odera.

Odera alikunja mikono ya shati, akaketi, akaanza kukwangua. Wenzake walitaka kumsaidia, Josepha akawakataza. Alipofika kwenye ungio la chini alijaribu tena, kwa sauti ya zamani. "Dada, tukimaliza nitakukazia bledi usikie kama si nyatiti."

"Kwangua," alisema Josepha.

Mlangoni paka walikuwa wamerudi. Pius alikuja na ufagio, akawafukuza, na kabla hajaondoka aliingia ndani kwa mara ya kwanza mpaka kwenye meza yenyewe. Aliinama juu ya bega la Odera, akanusa kipande kilichosafishwa, akakirudisha ndani ya kopo.

"Bado," alisema.

Odera alimtazama, akamtazama Josepha, kisha akakitoa kipande kwenye mafuta ya taa akaanza upya.